Jasiri wa Mwezi wa Tatu, Sehemu ya Tusa

Mbuzi kabaki. Mimi na mke wangu tumetolewa.

Nilimwomba binti wa mitambo arudishe filamu nyuma, nikidhani masikio yangu ya kizee yamenichezea shere. Akarudisha. Ukutani akatokea tena mwanangu wa kike, Tusajigwe, akiwa na miaka tisa, kichwani kavaa ndoo ya rangi iliyokatwa dirisha la kuchungulia, mkono wa kulia kauvika kipande cha bomba ili uwe mkono wa chuma. Nyuma yake kilining'inia chandarua cha kitandani kwetu, kimebandikwa nyota za zile karatasi zinazong'aa za ndani ya pakiti za sigara. Pembeni, kafungwa kamba kwenye mguu wa kitanda, alikuwepo mbuzi wetu, aliyecheza nafasi ya Dubwana la Mwezi wa Tatu. Mbuzi akalia meee, sauti safi utadhani tumekaa naye mle chumbani. Tusa akasema maneno yake, safi vilevile. Halafu ikafika pale ninapoingia mimi, na mimi sikuingia.

"Sauti yangu iko wapi?" nikauliza.

"Kelele zote tumeziondoa, mzee," akajibu yule binti, jina lake Nkwimba. Alijibu kwa furaha, kama mtu aliyekufulia nguo bila kuombwa.

"Kelele?"

"Mtambo unaondoa kila sauti ambayo mwenyewe haonekani kwenye picha. Kulikuwa na mwanaume anapiga makelele mwanzo mpaka mwisho, na mwanamke anacheka. Mbuzi anaonekana, ndiyo maana amebaki."

Mke wangu Subilaga akaangua kicheko. Kilekile kilichoondolewa.

"Baba Tusa, umeshindwa na mbuzi!" akasema. "Miaka yote nakwambia unapiga makelele, hunisikii. Haya, leo na mashine nayo imesema."

Kisha akajifuta macho kwa pindo la kitenge, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba kicheko kilikuwa kimeshakwisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekuja kule juu Mbeya, kwenye Nyumba ya Kuamshia, ili kusikia kwamba tulikuwa kelele katika maisha ya mtoto wetu.

*

Nijitambulishe basi, maana mashine imeshindwa kunitambua. Mimi ni Ambakisye, lakini Tukuyu nzima ilinijua kwa jina la Dijei Radi. Nilikuwa na kibanda cha video pale karibu na stendi. Enzi hizo filamu zilitoka nje na lugha zake, na watu wetu hawakuwa na habari ya kusoma vimaneno vinavyopita chini ya picha. Kazi hiyo ilikuwa yetu madijei. Tulichukua kipaza sauti tukazungumza juu ya filamu yenyewe, tukawasemea wote, mzee, kijana, bibi, mtoto na risasi. Mwigizaji anasikika kwa mbali anabwabwaja lugha yake, na dijei yuko juu yake anakupa mambo.

Na kwa kweli nilitia chumvi. Nani angenizuia? Kulikuwa na tamthilia moja ya anga iliyokuwa inapendwa kupita kiasi, ikiitwa Jasiri wa Mwezi wa Tatu. Shujaa wake, Kapteni Oru, alikuwa na mkono wa chuma na hasira za karibu. Mimi ndiye niliyesema kwao ni Kyela. Alipolia peke yake ndani ya chombo chake, sikuelewa analilia nini, nikasema amekumbuka mbasa, wale samaki wa kuchoma wa Matema. Kibanda kizima kilisikitika. Kuna mama mmoja alisema, "Masikini, na huko juu atampata wapi mbasa."

Tusa alikulia kwenye kile kibanda, kwenye benchi la mbele, miguu haigusi chini. Aliamini kila nilichosema. Siku alipoamua kutengeneza sehemu yake mwenyewe ya Jasiri, alimpa mama yake simu ashike, akamfunga mbuzi, akavaa ndoo, kisha akaniambia nisimame pembeni ya simu nitafsiri.

"Nitafsiri nini, mwanangu, na wewe unaongea Kiswahili?"

Akanitazama kwa kupitia lile dirisha la ndoo kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Baba, filamu bila dijei ni filamu gani?"

Ndivyo alivyojua yeye. Katika maisha yake alikuwa hajaona filamu ambayo watu wanaongea peke yao. Nikatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Anasema, "Dubwana, rudisha mwezi wetu!" Halafu anageuka upande wangu na kupaza sauti, "Haya, Baba!" Anasubiri, na mimi nabubujika: "Jamani, huyu ndiye Kapteni Tusa, hapigi mtu mara mbili, mara ya kwanza inatosha! Anamwambia huyu mbuzi, samahani, hili dubwana, lirudishe mwezi kabla hajalifanya supu!" Mama yake anacheka mpaka simu inatikisika, na nyota za chandarua zinatikisika nazo.

Filamu ndiyo hiyo. Mimi sionekani hata unywele, na Subilaga haonekani hata kidole. Lakini sisi tuko mle kila mahali, kama moshi jikoni.

*

Tusa alikua, akawa fundi wa kuchomelea vyuma, tena wa kuaminika, na vyuma vikampeleka mbali. Chombo cha anga kilipotafuta watu wa kwenda kujenga kwenye dunia nyingine ya mbali, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wanasafiri wakiwa wamelala. Yeye huko bado ni msichana wa miaka ishirini na kitu, hajaota hata mvi. Sisi huku tumezeeka kwa niaba yake. Kinachotumwa leo kitasafiri miaka mingi kabla ya kumfikia, na siku atakapoamka, mimi na mama yake tutakuwa tumeshalala usingizi wetu wenyewe, ule usio na kituo cha kuamshia.

Kabla ya kulazwa, kila msafiri aliulizwa anataka kuamshwa na nini. Wengine walichagua nyimbo za kanisani, wengine harusi zao. Tusa alisema, "Niamsheni na filamu yangu." Hakusema zaidi.

Nkwimba alitueleza taratibu, kwa heshima, mikono ameikunja mbele kama yuko mbele ya wakwe. Akili ya mtu aliyelala muda mrefu hivyo, ikiamka, ni saruji mbichi. Kinachokanyaga pale katika saa ya kwanza ndicho kinachobaki alama. Vingine vyote vitakuja baadaye, barua zetu, picha zetu, habari za mazishi. Atavisoma na kuelewa. "Lakini wengi waliotangulia kuamka wanatuambia wanavisoma kama habari za watu wengine," alisema. "Alichokiona na kukisikia saa ile ya kwanza ndicho anachokisikia moyoni kuwa ni chake."

"Basi turudishie sauti zetu," nikasema. "Umeshatueleza mwenyewe. Tusipokuwemo saa ile, hatutakuwa wazazi wake tena. Tutakuwa majina."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Baba Tusa," mke wangu akanionya.

Nkwimba akavuta kiti akakaa karibu yetu. Akasema kwenye chombo cha kwanza kabisa hawakuwa na sheria hii. Kulikuwa na kijana aliyeamshwa na rekodi ya nyumbani kwao, yuko uani anacheza, na mama yake anamwita kutoka jikoni. Mama haonekani. Anasikika tu, anamwita aje kula. Yule kijana akainuka kitandani kabla wakati wa kuinuka haujafika. Akaenda kumtafuta mama. Akafungua mlango huu, hayupo. Akafungua ule, hayupo. Mwishoni akafungua mlango ambao nje yake hakuna kitu, hata hewa. Na mle ndani kulikuwa na wenzake bado wamelala.

Nje, mtu alikuwa anafagia majani, na ufagio ulikuwa unakwaruza saruji.

"Ndiyo maana mbuzi anakaa na sisi tunatoka," Subilaga akasema polepole.

"Ndiyo, mama. Sauti wakiiona inatoka kwa nani, wanatulia. Wasipomwona mwenyewe, wanamtafuta."

*

Tulitoka kwenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Subilaga akafungua kikapu chake, akatoa magimbi ya kuchemsha na chupa ya chai, maana yeye hata dunia ikifika mwisho atauliza kwanza nani hajala. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mji. Nikashika gimbi langu bila kulila.

"Siku moja tu," akasema. "Siku moja tu ungekaa mbele ya simu badala ya pembeni. Ungepungukiwa nini?"

"Na wewe siku moja ungempa mtu mwingine simu ashike."

"Nani? Mbuzi?"

Tukacheka. Nitasema ukweli jinsi ulivyonijia pale kwenye benchi, hata kama haunipendezeshi. Niliposikia habari ya yule kijana, kabla sijamhurumia, kitu ndani yangu kilifurahi. Nilimwona Tusa anainuka. Nilimwona anasema, "Baba?" akipita mlango kwa mlango huko mbali nisikokujua, ananitafuta mimi. Ee Kyala, Mungu wangu. Kutafutwa na mwanao! Nimekaa miaka yote hii, natengeneza chai ya watu wawili na kumimina vikombe vitatu kwa mazoea, na hakuna kitu ninachokitaka hapa duniani kama yule mtoto kugeuka upande wangu mara moja tena.

"Unawaza nini?" Subilaga akauliza.

"Nawaza atanitafuta."

Hakunikemea. Alikimenya kipande cha gimbi, akakiweka kwenye kiganja changu kama anavyowafanyia wajukuu wa watu. "Na mimi nimewaza hivyohivyo," akasema. "Nikajiambia, kicheko tu. Kicheko kina ubaya gani? Hakimwiti mtu." Alitazama kule ukunguni. "Lakini mimi nikimsikia mtu anacheka chumba cha pili, huwa naenda kuangalia."

*

Tuliporudi ndani, Nkwimba hakuwa na furaha yake ya asubuhi. Alifunga mlango.

"Mzee, leo mkaguzi ni mimi mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nikiacha neno lako moja, pale mwishoni, lisikike kwa mbali kabisa, hakuna atakayejua. Na si kila aliyesikia sauti aliinuka. Wengi hawakuinuka. Ila siwezi kukuahidi kitu."

Neno moja. Mimi niliyekuwa nasema usiku na mchana, leo napewa neno moja, na lilikuwa tamu kiasi kwamba mate yalinijaa mdomoni. Nikaanza kulichagua. Jina lake? Kapteni? Nikamtazama Subilaga, naye alikuwa ameshafumba macho, na midomo yake inatembea kama anasali. Najua alikuwa anataka niseme ndiyo. Najua pia kwamba ningesema ndiyo asingenisamehe.

"Nkwimba," nikasema. "Huyu angekuwa mwanao, ungefanyaje?"

Alikuwa anacheza na kifundo cha kilemba chake. "Ningetuma safi," akasema.

"Asante, mwanangu. Basi tuma safi."

Kusema hivyo kuliniuma hasa. Subilaga aliushika mkono wangu, akaubana, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Tuonyeshe basi mara ya mwisho, kabla haijaondoka," akasema.

Nkwimba akaiwasha. Tusa huyo na ndoo yake. Dubwana, rudisha mwezi wetu! Mbuzi, meee. Hutaki? Nitakuja kuuchukua! Mbuzi, meee. Maneno yalifuatana mbiombio, moja nyuma ya jingine, na nilikuwa natazama nikihisi kuna kitu hakiko sawa. Mwanangu hakuwa na haraka namna ile. Mwanangu alikuwa mtoto wa kusubiri, anasimama na ndoo yake ile nzito, jasho linamtoka, anasubiri mpaka nimalize upuuzi wangu wote.

"Ngoja," nikasema. "Umekata wapi?"

"Wapi, mzee?"

"Anaposema, 'Haya, Baba!' Hajasema hata mara moja."

"Ahaa, pale." Akainama kwenye mtambo wake. "Hizo tulitoa. Ziko nyingi. Anasema hivyo, halafu anakaa tu, anatazama pembeni, haongei. Tuliona ni makosa ya kuigiza, tukaunganisha."

"Hiyo sauti ya kusema 'Haya, Baba' ni ya nani?"

"Ya kwake."

"Anaonekana?"

"Anaonekana."

"Na ule ukimya unaofuata ni wa nani?"

Nkwimba aliniangalia. Kisha akamwangalia mke wangu. Aliinua mikono kutoka kwenye mtambo na kuiweka mapajani.

"Sauti yangu usirudishe," nikasema. "Wala ya mama yake. Lakini nirudishie mtoto wangu anaponingoja. Je, kimya kinaweza kumfanya ainuke?"

Alifikiri. Nampa heshima yake, alifikiri kweli, hakunijibu kunifurahisha. "Hapana," akasema mwishowe. "Wakikutana na kimya hawainuki. Wanalala palepale wanawaza. Wanajaribu kukumbuka hapo palikuwa na nini." Akarudisha mikono kwenye mtambo. "Kuwaza ndiko tunakokutaka, mzee. Tunawataka wawaze."

"Ndaga fijo," Subilaga akamshukuru kwa lugha ya kwetu, na Nkwimba, ambaye kwao ni Usukumani, akaitikia kwa kichwa kama ameelewa.

*

Ilipotumwa, tuliitazama ikienda. Nkwimba alisema hatuna haja ya kukaa, mtambo unajua kazi yake. Tukakaa.

"Dubwana, rudisha mwezi wetu!" Tusa akasema. Akageuka pembeni. "Haya, Baba!"

Na kimya kikaingia.

Nilikuwa sijawahi kumwona mwanangu akinisikiliza. Siku ile nilikuwa natazama mbuzi, natafuta kichekesho. Sasa nilimwona. Alisimama na mkono wake wa bomba, ametulia, macho yake yananitazama kutoka kwenye lile dirisha la ndoo, na polepole, kwa maneno nisiyoyasikia, akaanza kutabasamu. Akacheka bila sauti yoyote ya kumchekesha. Mara nyingine alitikisa kichwa, kama anayesema, Baba, hapo umetia chumvi sana. Mara nyingine aliinama kabisa akashika magoti kwa kucheka, na picha ikatikisika, nyota zote zikatikisika pamoja nayo, na Subilaga kando yangu akashika mdomo wake kwa mikono miwili, maana alijua ni nani aliyekuwa akizitikisa. Kuna mahali nilimfanya mtoto yule acheke mpaka ndoo ikamwangukia puani. Sikumbuki nilisema nini. Ningetoa chochote nikumbuke. Labda yeye atakumbuka.

Kila alipogeuka na kusema "Haya, Baba!", midomo yangu ilifunguka yenyewe. Kazi ya maisha yako haikuachi kwa siku moja. Subilaga alinibana mkono, na mimi nikaifunga.

Ikafika mwisho. Dubwana limeshindwa, mwezi umerudi, yaani sahani ya bati imeinuliwa juu. Tusa akavua ndoo. Nywele zimemlala, jasho linatiririka, uso wote unang'aa. Akaweka ile ndoo chini, akatutazama sote wawili, mimi pembeni na mama yake nyuma ya simu, akiwa amechoka na amefurahi, mtoto wangu wa miaka tisa.

"Haya, Baba," akasema. "Sema imeisha."

Siku ile nilisema. Nilipaza sauti mpaka majirani wakasikia.

"Sema basi," Subilaga akaninong'oneza, machozi yanamtoka. "Haiingii humo. Hasikii."

Tusa alikuwa bado amesimama ukutani, ananitazama, anasubiri.

Sikusema.